Colchester ya rangi mpya au Myford ndogo? Jibu kwa fundi wa Ruai

Swali: "Mzee, habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimejenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba huku Ruai, mita tatu kwa nne, sakafu ya zege. Kila wiki napeleka kazi kwa mkereza: bushi, pini za trela, shafti za mashine za posho, puli. Faida yote inaishia huko. Nimeamua kununua leithi yangu ya mtumba, mashine ya kukereza chuma. Nimeonyeshwa tatu. Moja ni Colchester Student, iko Kariobangi, imepakwa rangi mpya, mota ya fezi tatu. Ya pili ni Myford ML7 ya mzee mmoja wa Karen anayehama. Ya tatu ni kaleithi kadogo ka Kichina, hako ni kapya dukani. Kwangu nina tokeni, fezi moja. Nichukue ipi, na nitajuaje sijauziwa mbuzi kwenye gunia?"

Ndugu yangu, ile rangi mpya ndiyo iliyonisimamisha katika barua yako. Leithi iliyofanya kazi miaka arobaini huwa imebanduka rangi pale fundi anapoegemeza mkono, ina grisi nyeusi kwenye pembe, na gurudumu lake la mkono limelainika kama mpini wa jembe la zamani. Anayeipaka rangi siku chache kabla ya kuuza anajua wanunuzi wengi hununua kwa macho. Sisemi hiyo ya Kariobangi ni mbovu. Nasema rangi haijakwambia lolote bado, na wewe usiiruhusu ikwambie.

Nina sababu. Nilipoanza kujitegemea nilinunua leithi iliyong'aa kama sufuria za harusi. Muuzaji aliniwashia, ikazunguka bila kelele, nikalipa siku hiyohiyo kwa sababu kulikuwa na "mteja mwingine yuko njiani". Yule mteja wa njiani kila broka wa mjini humjua. Nilipofika nyumbani nikakereza shafti ya sentimita thelathini, upande mmoja ukawa mnene kuliko mwingine kwa zaidi ya robo milimita. Nikafikiri ni mkono wangu. Nikabadilisha kisu, nikabadilisha mwendo, nikalaumu hata chuma. Ilichukua miezi nikubali kwamba kitanda chenyewe, yaani zile reli ambazo leithi yote hukalia, kilikuwa kimelika mbele ya chaki (ile ngumi inayoshika chuma kinachozunguka), mahali ambapo kazi nyingi hufanyika, na hakuna mkono wa fundi ungeweza kurekebisha hilo.

Ndiyo maana kila anayeniuliza habari za leithi ya mtumba humwambia ananunua kitanda. Leithi ni mashine inayoweza kujitengeneza. Nati ya bronzi ya slaidi, ile sehemu inayosogeza kisu, ikiisha, utakereza nyingine juu ya leithi hiyohiyo. Bushi, pini, skrubu fupi, vishikio, hata chaki ya zamani utaitafutia taya au uinunue nyingine. Gia iliyovunjika jino, wapo mafundi Industrial Area watakaokukatia. Lakini kitanda hakijitengenezi. Kukisaga upya kunataka mashine kubwa ya kusaga kuliko leithi yenyewe, kisha fundi wa kukwangua kigari, kinachobeba kisu juu ya reli, kikae sawa juu ya kitanda kilichoshuka, na ukimaliza kulipa utakuta ungenunua leithi nyingine nzima.

Tuanze na saizi, maana hapo moja kati ya tatu zako itaanguka haraka.

Vipimo vya leithi hupotosha watu. Mwingereza hupima kutoka katikati ya spindo, mhimili unaozungusha chaki, hadi kitandani. Mmarekani hupima kipenyo kizima kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda. Kwa hiyo leithi ya inchi 6 ya Mwingereza ni ya inchi 12 kwa Mmarekani, na ni mashine ileile. Muuzaji wa leithi za Kihindi, zile za Rajkot, Batala na Ludhiana, naye hukutajia urefu wa kitanda kwa futi. Akisema "hii ni ya futi sita" usidhani utaweka shafti ya futi sita ndani yake. Kichwa, kinachobeba spindo, na mkia wa upande wa pili vimekalia sehemu kubwa ya kitanda hicho. Wewe uliza mambo matatu tu: kipenyo juu ya kigari (si juu ya kitanda), urefu kati ya senta mbili (ncha zinazoshika chuma, moja kwenye kichwa na moja kwenye mkia), na tundu la spindo lina milimita ngapi.

Kako ka Kichina, kama ni ka aina ya kawaida, kana kipenyo cha milimita 180 juu ya kitanda, milimita 300 kati ya senta, na uzito wa kilo arobaini hivi. Mtu mmoja wa nguvu anakabeba. Hilo peke yake lingekuonya: uzito ndio unaozuia leithi kutetemeka. Tatizo kubwa zaidi ni mwendo. Chuma laini ukikata kwa kisu cha haispidi, chuma kigumu cha kukatia, kasi nzuri pale kisu kinapogusa ni kama mita 30 kwa dakika. Kwa chuma cha milimita 25, hiyo ni mizunguko kama 380 kwa dakika. Kwa puli ya milimita 150 inashuka hadi mizunguko kama 64. Mashine kubwa hupata mwendo huo kwa gia, na gia zinaposhusha mwendo huongeza nguvu. Mashine ndogo hizi hupunguza mwendo kwa umeme zaidi kuliko kwa gia, na mota ikizungushwa polepole hivyo haina nguvu ya kusukuma. Utasimama hapo na puli yako, mkanda unateleza. Kwa mtu wa kutengeneza vitu vidogo vya pikipiki ama saa, kanatosha. Kwako wewe, hapana.

Myford ni kitu kingine, nami naiheshimu. Zilitengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza, na ML7 ilianza kutoka miaka ya 1940. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2011, lakini mashine zilizouzwa ni nyingi kiasi kwamba vipuri bado vinapatikana. Iliundiwa watu wanaotengeneza injini ndogo za mvuke kwenye chumba cha nyuma ya nyumba, na kwa kazi hiyo ni tamu. Inchi 3.5 kutoka senta hadi kitandani, yaani kipenyo cha milimita 178, na nusu mita hivi kati ya senta. Lakini tundu la spindo lake ni milimita 15. Pini ya trela haipiti humo. Kila kipande kinene utakikata kwanza kwa msumeno, ukishike kwa nje, na shafti ya posho utaizungusha kati ya senta kama itatosha. Kazi itaenda, ila polepole, na kisu utakiingiza kidogokidogo.

Student ina uzito wa zaidi ya nusu tani, tundu kubwa zaidi ya mara mbili ya la Myford, na mwendo wa polepole wenye nguvu ya gia. Kwa bushi, pini na shafti, hiyo ndiyo saizi yako. Kwa hiyo ushauri wangu ni Student, ikiwa itafaulu mtihani. Ikifeli, usiende Karen kwa hasira. Subiri Colchester nyingine, ama Harrison, ama hata ya Kihindi iliyotunzwa. Jina lililopigwa chapa kwenye kichwa lina thamani kidogo kuliko mtu aliyekuwa akiipaka mafuta kila asubuhi.

Sasa mtihani. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, wakati stima ipo na karakana za jirani zimefunguliwa. Ukiambiwa stima imepotea, rudi siku nyingine. Beba venia na maikromita za kupimia unene, dayo geji (saa ya kupimia mtikisiko mdogo) yenye kitako cha sumaku (azima kama huna), tochi, kitambaa, chupa ndogo ya mafuta ya taa, na kipande cha chuma laini cha milimita 30 chenye urefu wa sentimita 20. Hicho chuma chako ndicho kitakachosema ukweli.

Futa kitanda kwa mafuta ya taa, kuanzia chini ya chaki hadi mwisho. Pitisha ukucha pembeni mwa reli ya mbele, karibu na chaki. Ukihisi kidaraja, yaani sehemu iliyolika na juu yake ukingo ambao kigari hakiufikii, weka alama akilini. Kisha tafuta skrubu inayofunga kigari kwenye kitanda. Peleka kigari karibu na chaki, kaza skrubu hiyo hadi kigari kisogee kwa ugumu kidogo, halafu zungusha gurudumu la mkono ukielekea kwenye mkia. Kitanda kizima hukupa ugumu uleule mwanzo hadi mwisho. Kitanda kilicholika mbele ya chaki kitazidi kukaza, na kingine kitakwama kabisa kabla ya kufika mwisho, kwa sababu huko mbali bado kuna unene wa kiwandani. Muuzaji anaweza kupaka rangi na kung'arisha kila kitu, lakini jaribio hili hana namna ya kulifunika.

Hapa nataka nikutulize pia, kwa sababu nimeona watu wakikimbia mashine nzuri kwa kuona kidaraja kidogo. Kulika kuna namna mbili. Kama kigari kimeshuka kikiwa sawa, kisu kinashuka nacho, na hasara yake ni ndogo mno: kwenye chuma cha milimita 40, kisu kikishuka sehemu moja ya kumi ya milimita, kipenyo hubadilika kwa nusu ya elfu moja ya milimita. Hutaipima. Lakini reli ya mbele, yenye mzigo wa kukata, kwa kawaida hulika zaidi kuliko ya nyuma. Hapo kigari huinama kuelekea kwako na kisu kinavutwa mbali na chuma. Kisu kikisogea hivyo kwa sehemu moja ya kumi, kipenyo kinaongezeka sehemu mbili za kumi. Hiyo ndiyo iliyonipata mimi. Na hata hivyo, kwa bushi ya sentimita tano tofauti hiyo haijitokezi, maana kigari hakisafiri mbali. Ni shafti ndefu ndiyo itakayokusuta.

Kwa hiyo kata. Shika chuma chako kwenye chaki kikiwa kimetokeza sentimita kumi, bila kukiegemeza kwenye mkia. Punguza katikati ili ubaki na mikanda miwili, mmoja karibu na chaki na mwingine mwishoni. Noa kisu vizuri, kisha pitisha mkato mmoja mwembamba juu ya yote miwili bila kugusa slaidi, upime kwa maikromita. Tofauti ya 0.02 ya milimita au chini, furahi kimoyomoyo na usionyeshe uso. Mpaka 0.05, bado tunaongea, hasa kama mashine imesimama tu juu ya mbao kwenye sakafu ya mawimbi. Kitanda kirefu kikikaa vibaya hujipinda, na kujipinda huko huleta tofauti ileile kama kulika. Tofauti ya kujipinda utaiondoa kwako kwa pimamaji na vibati vyembamba chini ya miguu. Ya kulika haiondoki. Utazitenganisha kwa lile jaribio la skrubu: kigari kikisogea sawasawa mwanzo hadi mwisho na bado mikanda inatofautiana, kitanda huenda kimejipinda tu, ama kichwa kimesogea kidogo kwenye boliti zake.

Spindo ni la pili kwa umuhimu. Weka dayo geji kwenye kigari, sindano yake iguse shingo ya spindo kutoka juu, kisha tia mti mgumu chini ya chaki uinue kama unayeinua gari kwa mtaimbo, lakini kwa adabu. Ikisogea 0.02 hivi, sawa. Ikifika sehemu moja ya kumi, uliza kama beringi zimewahi kukazwa. Leithi nyingi zina beringi za rola zinazokazwa kwa nati, na plei (kulegea) ya namna hiyo wakati mwingine huondoka kwa dakika kumi za spana. ML7 yenyewe hutumia beringi za metali nyeupe, nazo hurekebishwa kwa kuondoa vibati vyembamba. Baadaye iwashe kwa mwendo wa juu kabisa dakika ishirini huku mkizungumza habari za bei. Kichwa kiwe vuguvugu. Ukishindwa kuweka kiganja, kuna jambo ndani. Pitia kila gia, hata zile muuzaji anazosema "hizo hatutumiangi". Gia ambayo haitumiki ina sababu yake. Mlio wa tak, tak, tak unaofuata mzunguko ni jino lililovunjika.

Plei kwenye magurudumu ya mkono usiiogope. Robo mzunguko, hata zaidi, ni nati ya bronzi tu.

Gia za kukatia thredi, yaani meno ya skrubu, ndizo watu husahau kuuliza. Student nyingi za zamani zina skrubu ndefu (ile inayosukuma kigari wakati wa kukata thredi) ya inchi, na wewe utaletewa boliti za Kijapani za milimita pamoja na mabomba ya maji ya inchi. Mabomba hayana shida: thredi za bomba la nusu inchi na robo tatu ni 14 kwa inchi, za inchi moja kwenda juu ni 11, na leithi ya inchi huzikata bila kufikiri. Kwa milimita unahitaji gia yenye meno 127. Sababu ni kwamba inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ni mara tano ya hiyo kamili, kwa hiyo hiyo gia moja hugeuza inchi kuwa milimita bila kosa lolote. Ikiwa haipo, ya meno 63 itakukaribia kwa kosa la karibu 0.0125 kwa mia, ambalo nati yoyote itasamehe. Uliza gia hizo ziko wapi, uzione na uzihesabu. Nimeona leithi ikiuzwa Kirinyaga Road na gia zake zikiwa zimeshauzwa wiki iliyopita kama vyuma chakavu.

Chaki nayo itazame. Taya zilizochakaa hufunguka mbele kama tarumbeta, zinashika nyuma tu. Shika kipande kilichonyooka, angaza tochi nyuma yake, utaona mwanga kati ya taya na chuma. Taya husagwa zikanyooka, hilo si la kuvunja biashara, ni la kushusha bei. Chaki ya taya nne ikiwa imo, ongeza mkono.

Na kama utaishia na Myford, ama leithi yoyote ambayo chaki yake hufungwa kwa thredi kwenye spindo, usiirudishe nyuma kwa nguvu. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alibonyeza kurudi nyuma mashine ikiwa bado inaenda mbele. Chaki ilijifungua, ikadondoka kitandani, ikaruka sakafuni na kutoka mlangoni ikizunguka. Tuliikuta kwenye mtaro. Hakuumia mtu, lakini kitanda kina kovu mpaka leo.

Sasa stima, ambalo najua ndilo linalokunyima usingizi. Nyumbani kwako kuna volti 240 za fezi moja. Mota ya Student inataka fezi tatu za volti 415. Njia ya kwanza ni kuomba Kenya Power wakuletee fezi tatu. Ikiwa laini ya fezi tatu imepita karibu na ploti yako, uliza makadirio kabla hujafanya lingine. Njia ya pili ni kung'oa mota na kuweka ya fezi moja, ambayo hufanya kazi, ila huanza kwa kishindo na hupoteza ulaini wa kukata. Ya tatu, ninayoipendelea, ni kisanduku cha VFD, ambacho huchukua fezi moja na kutoa tatu.

Lakini hapa pana mtego. VFD ya kawaida inayolishwa volti 240 hutoa fezi tatu za volti 240, haitoi 415. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, soma kibati cha mota. Kikiandikwa volti 240 kwa delta na 415 kwa nyota, namna mbili za kuunganisha waya za mota, umebarikiwa: fundi wa mota atabadilisha vibati vitatu ndani ya kisanduku cha waya na utaendelea. Kikiandikwa 415 pekee, huenda nyota imefungwa ndani ya mota na waya hazijatolewa nje. Fundi wa kusuka mota anaweza kuifungua, kuzitafuta na kuzitoa, kazi ya mkono wa polepole. Na kama ni mota ya kasi mbili, mara nyingi haigeuzwi, nunua nyingine ya fezi tatu ya volti za chini uifunge badala yake. Usimwache mtu akakwambia "itazunguka tu". Itazunguka, ndiyo, kwa theluthi moja ya nguvu yake.

Mota ya nguvu-farasi 3 ni kilowati 2.2, na VFD yake ikibeba mzigo kamili huvuta zaidi ya ampea 20 upande wa kuingilia. Soketi ya jikoni ni ya ampea 13. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, kebo nene, swichi yake, na eathi ya kweli iliyozikwa ardhini. Swichi za zamani za leithi usiziache zikikata waya kati ya VFD na mota. Hamishia kitufe cha kuwasha na kuzima kwenye nyaya ndogo za udhibiti za VFD, la sivyo utaichoma siku ya kwanza. Na usiache gia ukitegemea kile kitufe cha kupunguza mwendo. Kwa puli kubwa teremsha gia kwanza, maana mota ikipunguzwa mwendo na VFD, nguvu yake ya kazi hupungua pamoja nao. Yale niliyosema juu ya kale ka Kichina yanaanzia hapo.

Kuhusu kuisafirisha, nitasema machache. Nusu tani haipakiwi kwa mkokoteni na vijana wanne wa nguvu. Leithi ni nzito juu na nzito upande wa kichwa, hupinduka bila kutoa taarifa. Kodi lori lenye kreni, ama cheni bloki ya kushushia. Sukuma kigari na mkia hadi mwisho wa kitanda ili uzito usawazike. Kamba ipite chini ya kitanda, isiguse skrubu ndefu wala spindo. Kibandani utaisogeza juu ya mabomba matatu ya chuma, polepole, mtu mmoja tu akitoa amri. Zege la mita tatu kwa nne linatosha, mradi liwe na unene wa sentimita kumi au zaidi na lisiwe limepasuka. Iache ikae wiki moja, kisha usawazishe kwa pimamaji tena.

Makaratasi. Januari 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku nchini baada ya nguzo na nyaya za stima kuharibiwa, marufuku ikaondolewa Mei mwaka huohuo, lakini polisi wamebaki na hamu ya kuuliza chuma kikubwa kinatoka wapi kinapopita barabarani usiku. Andikiana mkataba na muuzaji, chukua nakala ya kitambulisho chake, piga picha nambari ya mashine, na safiri mchana. Ukiona nambari ya mali ya serikali imechongwa kwenye kitanda, dai karatasi ya zabuni iliyoiuza. Taasisi za umma huuza mashine zao kwa utaratibu, na leithi nzuri sana hutoka huko. Zile za vyuo vya ufundi hasa: vitanda vyao mara nyingi ni kama vipya, kwa sababu wanafunzi walikata kidogo na kusubiri zamu sana. Utakachokuta kimeumia ni slaidi ndogo ya juu, iliyogongwa na chaki kila muhula.

Pesa usizimalize kwenye mashine. Tenga walau robo ya bei yake kwa visu, venia nzuri, senta inayozunguka, chaki ya drili ya mkiani, na mafuta. Visu vya haispidi vitakutosha mwaka mzima; vya kabaidi vitakuja wakati utakapojua kwa nini unavihitaji. Miwani nunua siku hiyohiyo. Glovu zako za kuchomelea zitundike ukutani unapokereza, usiziguse, kwa sababu chaki ikishika uzi wa glovu huvuta na mkono. Ufunguo wa chaki usiuache kamwe ndani ya chaki, hata kwa sekunde ya kujibu simu.

Ya Karen nayo usiipuuze kabla ya kuiona, kwa sababu moja. Wazee wenye Myford mara nyingi wana sanduku la mbao chini ya meza, na ndani yake kuna maikromita, visu, senta na chaki za miaka hamsini. Ukienda, mwombe akuonyeshe hilo sanduku kwanza. Mashine pengine hutaichukua, lakini anayehama huenda asitake kubeba sanduku.